Kanyaga, Shikilia

Mtaani walimwita Bilafundi, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Tangu anunue gari lake, hakuna fundi aliyewahi kula hela yake. Akimwona jirani anarudi kutoka gereji na sura imemkunjamana, alikuwa anamdaka getini: "Wamekutoza ngapi? Kwa kukaza nati mbili? Wamekunyoa bila maji, ndugu yangu!" Kisha anacheka mwenyewe, maana jirani ameshaingia ndani.

Asubuhi hiyo alikuwa chini ya gari, akibadilisha paipu ya breki iliyokuwa inavuja. Paipu ilikaa vizuri. Kilichobaki ni kutoa hewa iliyoingia humo, kazi ndogo kabisa, ila inataka watu wawili: mmoja juu akanyage breki na kuishikilia, mwingine chini afungue nati, hewa itoke, afunge, tairi moja baada ya jingine.

"Kanyaga!" akapaza sauti kwa mazoea.

Hakuna aliyekanyaga. Mkewe aliondoka tangu mvua zilipoanza, kwenda kumsaidia binti yao aliyejifungua. Mtoto sasa anatambaa, na bibi yake hajasema atarudi lini. Bilafundi alimtaka arudi, alimtaka hasa, lakini kumwambia hivyo kulimshinda. Watu aliwaambia yuko safarini, nao wakawa na adabu ya kutouliza zaidi.

Akajaribu ujanja. Alichukua ufagio, akaubana mpini wake kati ya pedeli na kiti, akarudi chini. Alipolegeza nati tu, mpini ukafyatuka, mafuta ya breki yakamrukia usoni. Alinawa huku akiutukana ufagio wa watu, ambao hata haukuomba kazi hiyo. Halafu akasimama getini kuangalia nyumba za majirani. Abishe wapi? Hakuna hata mmoja ambaye yeye hakuwahi kumcheka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akapiga simu gereji.

Fundi alikuja na mkoba wa spana, akachungulia chini. "Paipu umefunga vizuri, mzee. Sasa ita mtu atukanyagie."

"Hakuna mtu."

"Hata wa nyumbani?"

"Nimesema hakuna."

Fundi akamfungulia mlango wa dereva. "Basi ingia wewe."

Bilafundi akaingia. Miaka yote hiyo, kwenye kazi hii hakuwahi kukaa juu.

"Kanyaga!" sauti ikatoka chini. Akakanyaga. "Shikilia!" Akashikilia. "Achia. Kanyaga tena!" Walipofika tairi la tatu, paja likaanza kumtetemeka. Fundi alikuwa anahangaika na nati yenye kutu, na kutoka pale kitini hakuonekana hata unywele wake. Ilikuwa sauti tu, inaamrisha na kupotea.

"Mguu umekufa ganzi," mkewe alizoea kusema hapo hapo. Na yeye alikuwa anamjibu nini? "Ukiachia umeniharibia!" Kisha anafuta mikono, anawasha gari, anakwenda kujisifu mtaani. Mwaka ule wa mwisho kabla mkewe hajaondoka, karibu maneno yote aliyomwambia mama wa watu yalikuwa hayo matatu: kanyaga, shikilia, achia. Aibu ikamchoma mle ndani peke yake.

"Achia, mzee, pumzisha mguu," fundi akasema. "Asante."

Kazi ilipokwisha fundi akataja bei ya ufundi, halafu akaipunguza mwenyewe. "Umenikanyagia. Msaidizi naye ana chake."

Bilafundi akalipa yote bila kubisha, jambo ambalo mtaa mzima usingeliamini. Fundi alipoondoka, alirudi kwenye kiti kilekile akampigia mkewe.

"Gari lina nini?" mkewe akauliza. Hata salamu hakuna.

"Ni zima. Fundi amelitengeneza."

"Fundi? Sasa unataka nini, Baba Watoto?"

Akatazama pedeli ya breki. "Mguu wako unaendeleaje?"

"Mguu gani?"

"Wa kulia. Wa breki."

Akasikia kiti kikivutwa, mkewe akikaa.

"Bado unauma," mkewe akasema. "Kukiwa na baridi hasa. Kumbe ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia."

Huko upande wa pili mtoto akaanza kulia. "Ngoja nimchukue huyu. Usikate. Shikilia hapo."

"Nimeshikilia," akasema.

Alisikia simu ikiwekwa mezani, ndara zikienda, mtoto akibembelezwa kwa sauti ambayo yeye hakuwa ameisikia siku nyingi. Kisha mlango ukafungwa na kukawa kimya. Simu ikapata joto sikioni, mkono ukaanza kufa ganzi. Hakuachia.