Tundu Lisilo na Kibanzi

"Umelichana tena," Randa alisema, bila hata kuinama kutazama. Alikuwa amekwisha kuisikia mbao ikichanika.

Mkewe akazima drili, akaugeuza ubao. Kweli. Upande wa juu tundu lilikuwa duara safi kama mdomo wa kikombe; upande wa chini mbao ilikuwa imefumuka, vibanzi vimesimama kama meno ya mbwa aliyekanyagwa mkia. Hilo lilikuwa la tatu. Ubao wa majaribio ulishaanza kufanana na kitu kilichotafunwa kikatemwa.

"Unaisukuma," mume akaendelea. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono wa kulia kauficha kwapani, kama ilivyokuwa desturi yake siku hizi. "Drili haisukumwi, mama Kidoti. Unaishika tu, yenyewe inakula."

"Nina hasira."

"Mbao haijakukosea."

"Aliyenikosea namjua."

Kidoti, mtoto wao, alikuwa mkekani akijimwagia vumbi la mbao kichwani na kucheka peke yake. Mama akampangusa, akambusu penye vumbi lile lile, akarudi kwenye meza.

Aliyewakosea alikuwa ng'ambo ya barabara. Wafanyakazi wake, Randa akiwa mmoja wao, walimwita Tajiri, na yeye hakuwakataza. Katika karakana yake mlikuwa na msumeno wa meza uliokuja na kinga yake, bati la manjano la kufunika meno. Msumeno ule ukiwa na kinga ulikoroma kama mtu aliyelala kajifunika shuka gubigubi. Ukiwa wazi ulipiga mluzi. Kinga inachelewesha kazi, Tajiri alisema. Akaifungua kwa mkono wake mwenyewe, akaitundika kwenye msumari ukutani, akaahidi kuirudisha kazi zikipungua. Kazi hazikupungua. Mluzi ukawa ndiyo sauti ya mtaa, hadi asubuhi moja ulipokatika ghafla, mama Kidoti akajua kabla hajaitwa.

Msumeno ulichukua kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia wa Randa. Cha pete ulikiacha nusu.

Fundi aliyeitwa Randa kwa sababu hakukuwa na mbao asiyoweza kuilainisha, akarudi nyumbani na kidole gumba, kidole cha mwisho na nusu ya kingine. Hata kabla kidonda hakijafunga, maneno yalikuwa yameshatembea. "Alikuwa anacheza na mashine," Tajiri aliwaambia watu. "Akili yake yote iko kwenye magemu." Watu wakaamini, kwa kuwa yalikuwa na chembe ya ukweli: kila Jumamosi Randa na Tajiri walikuwa wakishindana kwenye mashine ya gemu iliyokuwa kibandani kwa kinyozi, gemu ya ngumi, na kila Jumamosi Tajiri alikuwa akipigwa. Karakana nyingine zote zilimkatalia Randa kwa upole. Nani atamwajiri fundi anayecheza na msumeno?

"Vidole ningesamehe," mama Kidoti alimwambia shemeji yake. "Vidole ni ajali. Uongo si ajali."

Shemeji huyo, mdogo wake Randa, alitengeneza redio na alijulikana kwa jina la Waya. Ndiye aliyeleta habari kwamba ubao wa vitufe wa mashine ya kinyozi umeoza kwa jasho la wachezaji, na kwamba kinyozi anataka mpya. Nyaya angeziunga yeye. Ila mbao ilitaka fundi.

"Kwa mkono gani?" Randa aliuliza.

"Kwa wangu," mkewe akajibu.

Akaleta kipande cha boksi na penseli. Akauchukua ule mkono kutoka kwapani, taratibu, kama anayemtoa kifaranga kwenye kiota, akaulaza juu ya boksi na kuuchora pembeni yake yote, kama mama anavyouchora mguu wa mtoto kabla ya kwenda kumnunulia viatu. Randa aligeuzia uso ukutani. Lakini mkono aliuacha.

"Shemeji," Waya akasema, akikuna kichwa, "gemu ile ina mapigo manne. Batani nne. Huyu ana vidole viwili na nusu."

"Na hapa?" Mama Kidoti akagusa kifundo cha kidole cha shahada kilichoondoka, pale ngozi ilipokuwa imefunga kwa mkunjo. "Hapa hapabonyezi?"

Randa akajibu akiwa bado anautazama ukuta. "Panabonyeza."

Basi zikapatikana alama nne: gumba, kifundo, nusu kidole, kidole cha mwisho. Huo ukawa upande wa kulia wa ubao. Upande wa kushoto, wa mpinzani, ungekuwa wa kawaida kabisa, kama mashine zote.

Na sasa drili ilikuwa inamgomea.

"Sikiliza," Randa akasema. Aliinuka kwenye ndoo kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Weka kipande cha mbao chakavu chini, bana vyote kwa jiriwa. Halafu usitoboe mpaka mwisho. Biti ya drili ina ncha katikati, siyo? Ncha ikichungulia tu upande wa pili, simama. Hapo ndipo watu wanapoharibu, wanaona wamefika. Simama, geuza ubao, malizia kutokea huko."

Mkewe akajaribu. Ncha ilipochungulia, mikono yake ilitaka kuendelea, akaizuia. Akageuza ubao, akaiweka ncha kwenye kile kitundu kidogo kama anayeingiza uzi kwenye sindano, akaiacha drili ijilie. Kisahani cha mbao kikadondoka. Alipitisha kidole: laini pande zote mbili.

Matundu manne ya Randa aliyamaliza hivyo. Alipofika upande wa kushoto alisita, akatabasamu vibaya.

"Hapa namwachia Tajiri kibanzi. Kimoja tu, cha gumba."

"Mwachie," Randa akasema. "Halafu Jumamosi akishindwa, atasemaje?"

Mama Kidoti akaitazama drili. "Atasema kibanzi."

"Ee."

"Basi simwachii hata unyoya."

Akaubana ubao upya. Matundu ya Tajiri aliyatoboa kwa chuki isiyo na haraka. Kila ncha ilipochungulia alisimama, akavuta pumzi, akageuza. Kisha akaviringisha msasa kidoleni, akasugua kingo hadi mtoto angeweza kuzilamba. Kila kibanzi kingekuwa kisingizio, naye alikuwa hataki kumbakishia yule mtu hata kimoja.

Jumamosi jioni kibanda cha kinyozi kilijaa mpaka mlangoni. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, kichwa kimenyolewa nusu. Wafanyakazi wa karakana walikuja nyuma ya bosi wao, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi zao.

"Nasikia mashine imefufuka," Tajiri alisema akiingia. Kisha akamwona aliyesimama upande wa kulia. "Eh! Bwana Randa! Umekuja kutuangalia?"

"Nimekuja kucheza."

"Ndugu yangu, si ndiko kucheza kulikokuponza?"

Vicheko vichache vilitoka, vikajificha. Mama Kidoti akasogea mbele, mtoto mgongoni.

"Tajiri, tuwekeane sharti."

"La pesa?"

"Sina pesa, na zako sizitaki. Ukimshinda, nasimama hapo mlangoni natangaza kwamba mume wangu alikuwa anacheza na msumeno. Akikushinda, wewe useme kinga aliitoa nani."

Randa aligeuka kumtazama mkewe. Hilo hakuwa amemwambia. Jina lake, hicho kidogo kilichobaki cha jina lake, mkewe alikuwa amekiweka juu ya ubao mbele za watu. Wafanyakazi wa karakana ghafla walikuwa na kazi ya kutazama viatu vyao.

Tajiri akacheka. "Vidole viwili na nusu!"

"Basi unaogopa nini?"

"Weka, kinyozi! Mara tatu, wa mbili mshindi."

Raundi ya kwanza Randa alipigwa vibaya. Mkono, baada ya kufichwa muda wote ule, ulijikunyata hadharani kama kitu kilichovuliwa nguo. Tayari mama Kidoti aliyaona maneno yale mlangoni, akiyatamka kwa mdomo wake mwenyewe.

"Pole, mzee," Tajiri akasema, akivitikisa vidole vyake vitano vyote hewani. "Nikupunguzie?"

Labda lilikuwa neno hilo. Raundi ya pili mkono wa Randa ulitulia juu ya mbao kama uliofika nyumbani. Gumba likapiga, kidole cha mwisho kikajibu, na kile kifundo, ambacho kilikuwa hakina kazi duniani tangu siku ile, kikashuka juu ya kitufe chake kama mchi kwenye kinu. Mtu wa Tajiri akaanguka kwenye skrini. Raundi ya tatu akaanguka mapema zaidi.

"Twanga!" mteja wa nusu kichwa alipiga kelele, akakaripiwa atulie asikatwe sikio.

"Hapana!" Tajiri alikuwa amesimama. "Upande wake una ujanja. Wangu umeharibiwa." Akapitisha kidole kwenye matundu ya upande wake, moja baada ya jingine, akitafuta. Akatafuta tena. Mama Kidoti alimtazama akitafuta. Kitamu kile alikimung'unya taratibu.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," kinyozi akamwambia.

"Tubadilishane upande! Tuone!"

Watu wakaguna. Simama, mama Kidoti alijiambia. Geuza ubao.

"Mpisheni," akasema.

Tajiri akahamia kulia, akauweka mkono wake kwenye vitufe vya Randa. Gumba lilipata pake. Kidole cha mwisho kilipata pake. Cha shahada na cha kati vilinyooka mbele na kulala juu ya mbao tupu, laini, isiyo na chochote. Akausogeza mkono nyuma, gumba likapotea. Akausogeza mbele, vidole viwili vikalala tena palepale, vimenyooka, havina kazi. Akaitazama ile nafasi.

"Batani zimekosewa," akasema hatimaye, sauti imepungua.

"Hazijakosewa. Nimezipima mwenyewe."

"Kwa kipimo gani?"

"Cha msumeno wako."

Tajiri aliuondoa mkono kwenye ubao, akautia mfukoni.

"Kinga," mama Kidoti akakumbusha.

"Niliitoa mimi."

"Wa nyuma hawajasikia. Kinyozi, hebu zima mashine yako."

Kinyozi akazima. Kibanda kikawa kimya hadi Kidoti akasikika akinyonya kidole mgongoni.

"Niliitoa mimi! Kinga niliitoa mimi. Haya!"

"Mimi nimesikia mara mbili," akasema mteja wa nusu kichwa.

Tajiri akatoka. Wafanyakazi wake hawakumfuata mara moja. Mama Kidoti alibaki pale akiwa na moto kifuani. Utamu ulikuwepo, asidanganyike mtu, na alitamani angemsemesha mara ya tatu. Randa alikuwa amesharudi upande wake wa kulia. Mkono ulikuwa umelala wazi juu ya mbao, mbele ya kila mtu, na hakuuondoa.

"Nani anafuata?" aliuliza.

Jumatatu asubuhi mama Kidoti alikwenda kuchota maji, ndoo mkononi, mtoto mgongoni. Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Akatupia macho ukutani, kama alivyokuwa akifanya kila siku, kuitazama kinga na kuichukia.

Msumari ulikuwa mtupu. Chini yake, kwenye ukuta uliojaa vumbi, palibaki umbo safi la bati lililokuwa limening'inia hapo.

Msumeno wenyewe haukuonekana kutoka barabarani. Ulikuwa ndani zaidi, gizani, nyuma ya mbao zilizoegeshwa. Aliweka ndoo chini. Kidoti akamtia kidole sikioni; mama akakitoa polepole na kumshika mkono. Ndani, mtu alikohoa, mbao ikaburutwa juu ya meza. Swichi ikapigwa. Mota ikaanza kuzunguka, kwanza kwa uzito, haijapata sauti yake, na mama Kidoti akainua kichwa, akasikiliza: mluzi au mkoromo.