Koti la Mume wa Gahongayire

Uzuri wa Gahongayire ulimpofusha Silvère, naye eti mpelelezi! Mwezi mzima wa Juni 1991 alimtafuta mume wa mwanamke huyo, aliyesemekana katorokea Bujumbura, na mwezi huohuo akahamia kitandani mwake. Kisha Gahongayire akamtolea koti la kijivu la mumewe.

"Vaa, lisije likaliwa na mende bure. Nitakupeleka kwa fundi Hamimu alirefushe mikono."

Silvère, mtu wa pupa, akatangulia peke yake mtaani Biryogo kwa fundi huyo.

Mzee Hamimu alifumua bitana, akaganda, kisha akavua miwani.

"Mwanangu, mishono hii ni yangu. Koti hili nimelirekebisha kwa wanaume watatu, wote wameletwa na mama mmoja mrefu mwenye mwanya."

Mwanya ule Silvère alikuwa ameubusu asubuhi.

"Wa kwanza ndiye mumewe?"

"Kama ni mumewe, sijui. Wa pili aliniambia anamtafuta wa kwanza. Wa tatu alikuwa mpelelezi, anamtafuta wa pili. Sijamwona tena hata mmoja."

"Basi mimi ni wa nne," Silvère alisema, akijilazimisha kucheka.

Mzee hakucheka. Alifungua daftari la vipimo, akamwonyesha ukurasa wa mwisho.

"Jana alimleta bwana mwingine, mnene, nikampima. Mama akasema koti bado lina mwenyewe, ila ikifika Jumamosi litakuwa halina."

Nje, mwadhini alianza kuita watu kwenye swala ya Ijumaa.