Kitinda Mimba wa Bustanini

Mama yangu alikuwa na mkono wazi kwa kila kitu isipokuwa ua moja.

Ua lenyewe lilikuwa dalia, lakini nianze na dalia wengine ili nieleweke. Bustani ilikuwa kati ya jikoni na karakana ya Baba, ambaye ni fundi cherehani, na waliomo walikuwa na majina kama watu. Nami nitawataja kama watu, maana ndivyo nilivyolelewa. Bwana Harusi alikuwa wa rangi ya waridi, mpana kama sahani, na shingo yake haikuweza kukibeba kichwa chake, hivyo alisimamishwa kwa fito. Mama Mkwe alikuwa wa manjano, petali zake nyembamba zimesokotwa hadi ncha, na ukimkaribia tu unajiona umekosea jambo. Wapambe walikuwa vitufe vidogo vya zambarau, wamepangana vizuri kuliko wapambe wowote niliowahi kuwaona harusini. Ndumilakuwili alikuwa mwekundu huku na mweupe kule, na mwaka ukigeuka naye anageuka. Jirani yetu wa ng'ambo ya ua wa miti hakuwahi kuambiwa kwamba jina hilo lilitolewa kwa heshima yake.

Halafu Kitinda Mimba. Mdogo wangu wa mwisho alifariki kwa homa kabla hajaanza shule. Msimu uleule mbegu iliyojiangukia yenyewe chini ya dirisha la karakana iliota, ikatoa ua ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliona mtaani: jekundu lililoiva mpaka likakaribia weusi, na kila petali imeishia kwa ncha nyeupe, kana kwamba imechovywa kwenye maziwa.  Mama alichukua masalio ya kitambaa cha manjano, cha gauni ambalo Baba alikuwa akimshonea marehemu, akamfunga dalia huyo shinani.

Dalia hana uaminifu kwa mbegu. Panda mbegu ya huyu, atakuja mwingine kabisa. Ukimtaka yuleyule, shika kiazi chake, kilichojificha udongoni. Kila mwaka kabla ya mvua kubwa Mama aliwachimbua wote wasioze, akamfunga kila mmoja kwa kitambaa chake kutoka sakafu ya karakana, akawalaza ndani ya masanduku ya maranda ya mbao, stoo, mahali pakavu penye ubaridi kidogo. Wakati wa kupanda ukifika aliwakata vipande na kugawa, na mtaa mzima ukachanua kwa jasho lake.

Kitinda Mimba peke yake hakuguswa na kisu. Jirani aliomba mpaka akachoka.

"Mtoto hagawanywi," Mama alimjibu, na maongezi yakaishia hapo.

Mama alipougua ugonjwa wa mwisho, mimi ndiye niliyemuuguza. Alinishika mkono akaniambia, "Wote wakipotea utawapata kwa majirani. Huyu akipotea, ndiyo basi. Nakuachia wewe."

Tulipomaliza kumzika niliwachimbua dalia wote kwa mikono yangu, nikawafunga, nikawalaza stoo. Kisha nikarudi kazini kwangu, mji mwingine, kwenye chumba cha kufulia nguo cha hoteli. Baba sikumwachia kazi yoyote ila moja, asiguse kitu. Na sikuwa na wasiwasi, kwa sababu Baba na bustani ile walikuwa hawasalimiani. Tangu siku ya mazishi ya mdogo wangu hakukanyaga pale. Alikuwa akizunguka nyumba nzima kwa nje ili aingie karakana, jua au mvua. Makaburini siku ile hakutoa chozi wala neno, akarudi akaketi kwenye cherehani. Nilikuwa msichana mdogo, nikamwekea kinyongo, na kinyongo kikakua pamoja nami.

Nilirudi wakati wa kupanda. Nilifungua masanduku na wote walikuwamo, Bwana Harusi na kilemba chake cha suti ya kijivu, Mama Mkwe, Wapambe. Kitambaa cha manjano hakikuwamo. Nilimwaga maranda yote sakafuni, nikapekua kwa vidole mpaka kucha zikauma. Hakuna.

Mimi nina ulimi, sikatai. Nikavuka kwa jirani nikiwa bado na maranda kwenye nywele.

"Mama, shikamoo. Kile kiazi nakiomba."

"Marahaba. Kiazi kipi?"

"Ulichokitamani miaka yote."

Alikuwa anaanua nguo. Aliiweka shuka begani, akanitazama mpaka nikatamani kupungua.

"Nimemwomba mama yako akiwa hai, akaninyima. Leo nije nimwibie amelala kaburini? Binti, mimi nina midomo miwili, najua mnavyonisema, lakini sina mikono ya wizi." Akakunja shuka. "Kamuulize baba yako. Kila jioni namwona anachemsha maji, na chai hanywi."

Nilimkuta Baba anatia uzi kwenye sindano. Nilimuuliza huku nimesimama mlangoni, na sauti yangu haikuwa ya mtoto kwa mzazi wake.

"Baba, kitambaa cha manjano kiko wapi?"

Aliichomeka sindano kifuani kwenye shati, akainuka. Alinipeleka chumbani kwao. Upande wa kitanda aliokuwa akilala Mama, blanketi lilikuwa limetandikwa juu ya kitu kidogo. Alilifunua taratibu. Ndani ya kitambaa kizito cha flana, kilichopindwa ukingoni kwa mkono wake, palikuwa na chupa ya maji moto, na ubavuni mwa chupa, Kitinda Mimba na utepe wake wa manjano.

"Mlango wa stoo una ufa," Baba alisema. "Mama yako alikuwa akisema baridi kali ikiwaingia, wamekwisha. Hao wengine sawa. Huyu nikaona siwezi kumwacha kule peke yake."

Nikamchukua. Alikuwa mwepesi kama ganda la karanga. Vile vidole vinene vya kiazi nilivyovifukua kwa mikono yangu vilikuwa vimekunjamana, na nilipobonyeza kimoja kikasagika kuwa nyuzi na vumbi. Joto lile la kila jioni lilikuwa limemnyonya mpaka tone la mwisho. Mtu yeyote aliyewahi kushika jembe pale angejua, lakini yeye hakushika. Nilitafuta jicho la kuchipua, nikageuza na kugeuza. Hapakuwa na jicho.

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali. Nililia. Nilimlilia Mama, na mdogo wangu, na ule uchoyo wa Mama pia, maana kipande kimoja tu kwa jirani kingetuokoa.

"Twende tumpande," Baba alisema.

"Baba..."

"Twende, mwanangu."

Akapita mlango wa jikoni, akaingia bustanini. Alitembea kama mgeni asiyejua aweke wapi mguu. Chini ya dirisha la karakana nilichimba, yeye akapiga magoti akamlaza, akamrudishia udongo kwa viganja, kidogokidogo. Kisha akaufunga utepe wa manjano kwenye ufito nilioukita hapo, fundo la fundi, dogo na lisilofunguka.

Nilipanga kumdanganya. Nilikuwa tayari nimetunga uongo wangu, kwamba wengine huchelewa, kwamba tusubiri mvua.

"Anaweza kuchelewa kutoka," nikaanza.

"Hatatoka," Baba akasema. Alikuwa bado amepiga magoti. "Nilijua tangu wiki iliyopita, nilipombeba akawa hana uzito. Siku ile ya mdogo wako walinipa nimshushe kaburini, nikashindwa. Akashushwa na watu wengine."

Alijipangusa mikono kwenye suruali, taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akaninyooshea mkono nimwinue, nami nikamwinua.