Ubao wa Oliva

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimeamka vizuri, kwa sababu shelfu yangu ilikuwa imesimama.

Mkoa wa Manyara ulikuwa umeanzishwa mwaka uliotangulia, na kila ubao mzuri ulikimbilia Babati kwenye majengo mapya. Sisi mafundi wa Dongobesh tulibaki kugombania mabanzi. Vipande vyangu vilivyobaki vilikuwa vimelala chini karakana nzima, mpaka mke wangu Fransiska akajikwaa akachanika mguu. Nikaamua kuvijengea mahali. Nguzo nne za mkaratusi, safu tatu, virefu juu, vifupi chini. Safu ya katikati ilikosa ubao, nikachukua uliokuwa umeegemea nyuma ya mlango, nikaupigilia misumari.

Patriki, kaka yake Fransiska, aliingia bila kusalimia, amekuja kuomba panga. Macho yakamwishia kwenye safu ya katikati. Akainama, akasoma maandishi yangu ya penseli: Oliva, futi tatu na nusu.

Oliva alikuwa binti yake. Mwezi mmoja nyuma nilimtengenezea jeneza mimi mwenyewe. Na kwetu kila fundi anajua kwamba kipande kilichobaki kwenye jeneza hakilali karakana. Kinafuata msiba, kinachomwa pamoja na kuni za matanga. Kikibaki, wazee wanasema, kinasubiri mwingine. Nilisahau. Sina neno lingine, nilisahau.

“Brightness anatapika tangu juzi,” Patriki alisema. “Nimebakiwa na huyo mmoja tu. Ng'oa huo ubao.”

“Ngoja mchana, shemeji. Nikiung'oa sasa, yote inaanguka.”

“Ng'oa.”

Ningeweza. Misumari sita tu. Lakini aibu ilinipanda ikageuka ukali, nikamwambia mtoto wake anatapika kwa sababu ya maji ya mtoni, aache kusumbua watu wanaofanya kazi.

Alichukua shoka langu, akaipiga nguzo ya kwanza, akaipiga ya pili. Shelfu ikaja chini na vipande vyote, kimoja kikanipasua paji la uso. Damu ikaniingia machoni. Nikamrukia. Tuligaragazana juu ya mbao zenye misumari. Aliniuma sikio, nikamkaba koo, akanipiga goti la tumbo. Fransiska alikuwa mlangoni anasema, “Baba Vicent, mpe kaka ubao wake. Mpe tu.”

Patriki alikuwa ameshaupata. Alinipa mgongo, ameukumbatia kifuani, anaelekea mlangoni, hana vita tena. Mimi nikaokota nyundo.

Nilimpiga kisogoni mara mbili. Ya kwanza ilikuwa hasira. Ya pili sijui ilikuwa nini.

Alianguka kifudifudi juu ya ubao. Fransiska alimgeuza. Alimfungua vidole kimoja kimoja, akautoa, akaenda kuuchoma jikoni mpaka ukaisha, ndipo akaita majirani waje kunifunga kamba.

Alikuja mahabusu mara moja tu, kunieleza. Zahanati walimtundikia Brightness dripu. Siku ya tatu kutapika kukakata, akakaa kitandani, akanywa uji wote, akauliza baba yake anakuja saa ngapi.