Daftari la Viuno

Daktari alichora mistari kwenye karatasi, akamwambia Fundi akaijaze: nani kwao alikufa, kwa ugonjwa gani, akiwa na miaka mingapi. Fundi alikuwa na miaka arobaini na moja na damu kidogo chooni. Alitaka kujua jambo moja tu: haya ni yangu peke yangu, au ni ya kwetu?

Shangazi yake, aliyebaki peke yake upande wa baba, alipoulizwa aling'aka. "Bibi yako vidonda vya tumbo. Baba yako mdogo mawazo, mke alimkimbia. Baba yako presha. Hebu waache marehemu wapumzike!" Ndivyo walivyo watu wale, jamani. Kila maiti na kisingizio chake, na ukiuliza umri unaambiwa alikuwa mtu mzima.

Basi Fundi akafungua kabati la dukani, akatoa daftari la vipimo la marehemu baba yake, naye alikuwa fundi cherehani. Kila Desemba mzee aliupanga ukoo mzima mbele ya kioo awapime nguo mpya. Jina, mwaka wa kuzaliwa, tarehe, kifua, kiuno. Ilikuwa mchana kweupe, lakini Fundi aliwahisi wamejaa nyuma yake, wamenyanyua mikono, wanasubiri tepu. Hakuthubutu kugeuka.

Baba mdogo, kiuno: thelathini na nne. Thelathini na moja. Ishirini na saba. Halafu hayumo tena. Bibi vivyo hivyo. Baba mwenyewe alipimwa na mama, mwandiko ni wa mama: thelathini na sita, thelathini na mbili, kisha pa kiuno pameachwa wazi miaka miwili mfululizo. Mzee alijua! Alijua akafunga mdomo, na Fundi alimkasirikia.

Kesho yake daktari alizisoma kurasa zile taratibu. "Kupungua peke yake si ushahidi wa saratani," alisema. "Lakini hapa nimepata umri, na umri ndio unaonitisha. Bibi na wanawe wawili, hakuna aliyefika hamsini. Wewe tutakupima utumbo kwa kamera wiki hii hii. Una ndugu?"

"Kaka mmoja tu. Huyo mzima wa afya, hajui hata dawa ya kichwa."

Daktari alikuwa amefika kurasa za mwisho, zile ambazo Fundi aliziendeleza baada ya baba yake kufa. Akaligeuza daftari amwonyeshe. Kaka, kiuno: thelathini na sita. Thelathini na tatu. Thelathini, mwezi uliopita. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Suruali zile alizipunguza kwa mikono yake, huku akimtania kwamba amerudia umbo la bwana harusi.

Alipiga simu palepale.

"Fundi wangu!" kaka alipokea akicheka. "Afadhali umepiga. Nilitaka nikuletee ile suruali, inanipwaya tena."