Mpira wa Matambara

"Umenilenga mara tano, Mama Pacha! Huyo msusi wako hujamgusa hata ukucha!"

"Fundi, mchezo huu kila mtu anampiga yeyote. Umetoka, kaa chini."

"Sikai!"

Mpira wenyewe ni wa matambara, nimeushona mimi kwa cherehani yangu. Kila Jumapili jioni wanawake wa nyumba zetu tunajaa uani kurushiana, na anayepigwa anakaa ukutani. Miaka sita mimi na Mama Pacha tulikuwa chanda na pete. Kisha msusi akahamia hapa kwetu. Sasa Mama Pacha anasukwa naye bure mlangoni, wanacheka, na mimi nikipita wananyamaza.

"Umepata mpya, sisi tumekuwa makapi," nikasema, na wote wakasikia.

Aliyejibu ni msusi. "Dada, unalia kwa kupigwa? Mimi huu mwezi wa pili, hakuna anayenirushia. Nasimama tu kama nguzo ya kuanikia nguo. Wewe Mama Pacha anakupiga kwa sababu amekuzoea. Mimi ananichekea kama mteja."

"Mgeni nitamtwangaje?" Mama Pacha akanung'unika.

Nikaokota mpira nikamtandika msusi mgongoni, paa! Akapiga ukelele, akaenda kukaa ukutani huku anacheka kama aliyetuzwa. Alivyofurahi, nikamwonea wivu upya.

Mama Pacha akafungua mlango wake. "Haya, ingieni wote wawili tule. Na wewe fundi usinune, kiti chako ni kile kile."