Kaburi la Babu Yake Mursal

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Lakini hata mwenye subira angewaka kusoma alichoandika mahakamani Abdinasir, wakili wa Mursal, kuhusu shamba langu la vitunguu hapa Balambala. Eti mimi Hinda, mjane, nililivamia mwaka jana. Eti ni ardhi ya kina Mursal tangu enzi za mababu, na ushahidi ni kaburi la babu yake, tazama picha.

Nikatazama. Rundo la mawe na matawi ya miiba juu yake, vile tunavyofunika makaburi fisi wasifukue. Nikampelekea jirani yangu Fatumo. Alicheka mpaka mtandio ukamvuka.

"Abaayo, dada yangu," akasema, "si kile choo chenu cha zamani?"

Ndicho. Kilipojaa nilirundika mawe na miiba mbuzi wasitumbukie. Wakili alipiga picha akiwa garini, kushuka kwenye vumbi kulimshinda.

"Namwendea sasa hivi!"

"Tulia. Ukimwambia leo, kesho atatafuta kaburi jingine. Ngoja hakimu aje aone kwa macho yake."

Wiki tatu nikameza hasira, na hofu pia. Hati sina, huku wengi hatuna. Nikishindwa, mimi na wanangu watano tungekwenda wapi?

Siku ya hakimu kuja shambani, Abdinasir alileta Mursal na sheikh.

"Mheshimiwa, mteja wangu huja hapa kila mwaka kumwombea babu yake."

Mursal akajifuta macho makavu. Sheikh, maskini, hakujua lolote. Akainua mikono aanze Fatiha.

Hapo mpango wote nikausahau. Kurani isomwe juu ya choo?

"Astaghfirullah! Sheikh, shusha mikono! Hicho ni choo!"

"Mheshimiwa," Abdinasir akaruka, "mama huyu anamtukana marehemu!"

"Marehemu gani, wewe wariya? Njoo uondoe mawe!"

Hakuja. Niliyaondoa mwenyewe, miiba ikinichana mikono, mpaka saruji ikaonekana: tundu katikati, na mahali pa kukanyaga kushoto na kulia. Sheikh akarudi nyuma hatua tatu, akimkodolea macho Mursal. Hakimu akainama, kitambaa puani, akasoma maandishi yaliyochorwa kwa kijiti saruji ikiwa mbichi: Abdiwahab na Hinda, 2009.

"Abdiwahab ni nani?"

"Marehemu mume wangu. Siku ile nilimgombeza. Nilimwambia, mwanamume gani anaandika jina la mkewe chooni?"

Karani akaangua kicheko. Hakimu hakucheka, alikuwa anaandika.

"Wakili, ulisema mama huyu alikuja mwaka jana?"

Abdinasir akasema pengine mteja wake amekosea mahali. Akageuka amuulize, lakini Mursal alikuwa keshafika kwenye gari.

Kesi ilitupwa mwezi uliofuata. Fatumo ananiambia nikibomoe sasa, kinatia aibu mbele ya wageni. Thubutu! Nimekizungushia ua mpya wa miiba, na mtoto atakayekigusa atanitambua. Abdiwahab hakuniachia hati, aliniachia choo, nami nilimgombeza siku nzima. Allah amrehemu. Ningejua, ningemwacha aandike na majina ya watoto.